Jinsi ya Kuandika Barua Ikaishia Kwenye Biblia

Mwongozo huu ni wa yule mwenzetu. Mnamfahamu. Hakuna parokia, toka Nanganga mpaka Newala, isiyokuwa naye. Akipewa dakika tatu za matangazo hutumia ishirini, kisha hutia mkono mfukoni, hutoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kusema: "Nimeandika machache, naomba yasomwe jumuiya zote." Hapa Ndanda maradhi haya yana kichocheo cha ziada, maana wamonaki wana kiwanda cha uchapaji. Mtu alikuwa anapita zake kwenda hospitali, anakumbuka kwamba mitambo iko hapo hapo, anajiona amechelewa.

Haya, tumsaidie. Anachokitaka, ingawa hasemi, ni kwamba siku moja msomaji apande mimbarini, asome barua yake mwanzo mpaka mwisho, afunge kwa "Neno la Bwana", na waumini waitikie "Tumshukuru Mungu" bila mtu kucheka. Si ndoto ya mwendawazimu. Imeshawatokea watu, wachache sana, na njia waliyopita inajulikana. Tatizo ni kwamba haipitiki kirahisi kwa mtu mwenye hamu ya kuipita.

Sharti la kwanza ndilo gumu kuliko yote: usijue unachokifanya. Mwaka 50 hivi, au 51, Paulo akiwa Korintho aliwaandikia Wathesalonike, na mwishoni akawaapisha kwamba barua isomwe kwa ndugu wote. Basi. Ombi ni lile lile la karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwa maoni ya wataalamu wengi hilo ndilo andiko la zamani kuliko yote ya Agano Jipya, na ndani yake hamna dalili kwamba mwandishi alidhani anaongeza kitabu kwenye Maandiko Matakatifu. Maandiko, kwa Paulo, yalikuwa yameshaandikwa: Torati, Manabii, Zaburi. Hayo ndiyo aliyoyanukuu alipotaka kumnyamazisha mbishi. Hata ule mstari wa barua ya pili kwa Timotheo kuhusu Maandiko yote kuvuviwa na Mungu, ambao wahubiri wa stendi huupigia kelele mpaka basi la Mtwara linaondoka, unakuja mara baada ya kauli kwamba Timotheo aliyajua Maandiko hayo tangu utotoni. Timotheo akiwa mtoto, Mathayo hajaandika, Luka hajaandika, na Paulo mwenyewe huenda bado yuko njiani kwenda Dameski na hati za kuwakamata watu. Piga hesabu mwenyewe ni maandiko gani yanayosemwa.

Ukishafaulu kutojua, jaza barua yako mambo ya nyumbani. Hapa ndipo yule mwenzetu anapokosea tangu sentensi ya kwanza, kwa kuanza na "Katika mapito ya historia ya wokovu". Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa aliyemtoroka, na kabla ya kufunga akamwambia amwandalie chumba cha wageni. Timotheo anaagizwa alete joho lililoachwa Troa nyumbani kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Tazama hata sura ya kwanza ya barua ya kwanza kwa Wakorintho. Waumini wamegawanyika, kila kundi linajivunia mbatizaji wake, na Paulo amekasirika. Anamshukuru Mungu kwamba hakumbatiza mtu wa Korintho hata mmoja, isipokuwa Krispo na Gayo. Kidogo tu, anakumbuka: aa, na nyumba ya Stefana. Halafu anasema zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine. Hakufuta. Mwandishi wake alikuwa ameketi na kalamu ya tete, akaandika vile vile sauti ilivyotoka, kusahau kwa kusahau. Karatasi ya mafunjo ilikuwa na bei yake, lakini mtu anayejua kwamba maneno yake yatasomwa Ndanda miaka elfu mbili baadaye angetafuta pesa ya karatasi nyingine, au walau angekwenda kuangalia daftari la ubatizo.

Na mwandishi wako mruhusu asalimie. Mwishoni mwa barua kwa Warumi, yule aliyeshika kalamu, Tertio, anajitokeza mwenyewe na kusema yeye ndiye aliyeiandika, anawasalimu. Leo salamu za karani zinatangazwa kuwa Neno la Bwana, wakati karani wa jumuiya yako hata jina lake hujaliweka chini ya muhtasari.

Tusidanganyane, hata hivyo. Kuna wanaosoma habari za joho na chumba cha wageni wakahitimisha kwamba Paulo alikuwa anapiga soga tu. Hapana. Alijua ana mamlaka. Katika barua hiyo hiyo kwa Wakorintho, akizungumzia ndoa, anatenganisha kwa uangalifu agizo la Bwana na shauri lake mwenyewe, kisha sura chache mbele anawaambia wajionao manabii kwamba anayoandika ni amri ya Bwana. Ni kauli nzito. Lakini askofu anapotuma barua ya Kwaresima anadai kusikilizwa na kutiiwa, wala hadai iwekwe kwenye kitabu baada ya Yeremia. Kati ya "nitiini" na "nibusuni kitabu" kuna safari, na Paulo aliishi na kufa upande wa kwanza wa safari hiyo. Hayo ndiyo maoni yangu, na anayeona vinginevyo atangaze mwenyewe Jumapili ijayo.

Wapo pia walioandika wakijua, au wakijua nusu. Hao wawe onyo kwako. Mwandishi wa Ufunuo alianza kwa kumbariki anayesoma kwa sauti na wanaosikiliza, akamaliza kwa kumtisha mapigo yeyote atakayeongeza au kupunguza neno. Nani katika Agano Jipya amedai makubwa kuliko huyo? Na kipi kimepata taabu kuliko kitabu chake? Eusebio wa Kaisaria, mwanzoni mwa karne ya nne, akiainisha vitabu, alikitia Ufunuo kwenye fungu la vinavyokubaliwa, "ukipenda", kisha akakitia tena kwenye fungu la visivyo halisi, ukipenda vile vile. Makanisa ya Mashariki yalikitilia shaka muda mrefu, na mpaka leo Waorthodoksi wanacho katika Biblia ila hawakisomi katika ibada. Luka, kwa upande mwingine, alimwandikia Theofilo kwa unyenyekevu wa mtafiti: wengi wameshajaribu kusimulia, nami nimeona nichunguze toka mwanzo nikuandikie kwa taratibu. Hakuna ndoto, hakuna malaika, hakuna vitisho. Aliingia bila kugombana na mlinzi. Kwa hiyo lile neno ulilotaka kuliweka chini kabisa, "atakayepuuza barua hii atajibu mbele ya Mungu", liondoe.

Kuandika kumekwisha. Kuanzia hapa kazi si yako tena, ni ya msomaji, na kama una ugomvi na msomaji wa kanisani kwenu nenda mkapatane leo hii. Mnamo mwaka 155 Yustino, akiwa Roma, alieleza Wakristo wanavyofanya Jumapili: wanakusanyika mahali pamoja, zinasomwa kumbukumbu za mitume au vitabu vya manabii, kadiri muda unavyoruhusu, kisha msimamizi anahubiri. Kadiri muda unavyoruhusu! Yule mwenzetu wa dakika ishirini na alione hilo. Lakini kiini kiko kwenye lile "au". Injili zimeshawekwa meza moja na Isaya. Hakuna aliyepiga mhuri. Zilisomwa mahali pale, kwa sauti ile ile, siku ile ile, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka aliyezaliwa ndani ya kanisa hilo hakuwahi kuona tofauti.

Dalili zilianza kidogo kidogo kabla ya hapo. Barua ya pili ya Petro, ambayo wataalamu wengi wanaiona ni ya baadaye sana, inazitaja barua za Paulo pamoja na "maandiko mengine", na kukiri kwamba zina mambo magumu kuelewa, jambo ambalo halijapingwa na mtu mpaka leo. Barua ya kwanza kwa Timotheo inaweka pamoja neno la Torati kuhusu ng'ombe apuraye na neno la mtenda kazi kustahili ujira wake, ambalo tunalijua kutoka Luka, yote chini ya kauli moja kwamba Maandiko yasema. Papia wa Hierapoli, miaka ya mwanzo ya karne ya pili, alikuwa bado anaona sauti hai ya wazee inamfaa kuliko vitabu. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi huo huo, mmoja anaviona ni Maandiko, mwingine anaviona ni vitabu tu, na wote ni Wakristo wazuri.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote kiko Afrika. Tarehe 17 Julai mwaka 180, huko Karthago, Wakristo 12 wa Scillium walisimamishwa mbele ya liwali Saturninus. Walikuwa na sanduku. Liwali akauliza limebeba nini. Speratus akajibu: ni vitabu, na barua za Paulo, mtu mwadilifu. Siku hiyo hiyo wakakatwa vichwa. Hebu lirudie jibu lile polepole. Hawa ni watu walio tayari kufa, wamebeba barua zile mpaka mahakamani, na walipoulizwa hawakusema ni Neno la Mungu lisilo na kosa. Walisema ni barua za mtu mwadilifu. Vitabu kwanza, barua baadaye, na mwandishi anatambulishwa kwa tabia yake. Ukiniuliza barua za Paulo zilikuwa Maandiko wakati ule au hazikuwa, nitakuonyesha lile sanduku. Zilikuwa zimeshaingia ndani yake. Maelezo yalikuwa hayajakamilika.

Sanduku la namna hiyo lilifika na huku kwetu. Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, Agano Jipya zima la Kiswahili lilikuwa bado halijatoka. Vitabu vilitoka kwa vipande, hiki leo, kingine mwakani, na safari ya kuvifikisha bara ilikuwa ya miguu. Biblia nzima ilichapishwa mwaka 1891, na Steere alikuwa ameshafariki tangu 1882. Ina maana miaka kumi na mitano ya kwanza, Wakristo wa Masasi walibatizana, walioana, walizikana, na mwaka ule ule wa 1882 walishambuliwa na kutekwa na Wangoni, bila ya kuwa na Biblia kamili ya Kiswahili mkononi. Wasingeshangaa kusikia habari za Korintho.

Sharti linalofuata ni kufa. Usilikwepe.

Ila kufa peke yake hakutoshi, na hapa lazima niseme habari za waliokaribia. Mwaka 96 hivi kanisa la Roma liliandikia kanisa la Korintho kuhusu vijana waliowapindua wazee wao, barua ndefu ambayo mapokeo yanampa Klementi. Miaka zaidi ya sabini baadaye, askofu Dionisi wa Korintho aliwajibu Waroma kwamba barua hiyo wangali wanaisoma Jumapili. Katika Biblia moja kubwa ya Kigiriki ya karne ya tano, ile ya Aleksandria, barua ya Klementi iko ndani, baada ya Ufunuo. Katika ile ya Sinai, ya karne ya nne, kuna barua ya Barnaba na kitabu cha Mchungaji wa Herma. Walishaingia mlangoni, wameshakalishwa, wameshawekewa sahani. Wakatolewa. Herma alipendwa mno, lakini orodha moja ya kale, iliyochapishwa na Muratori mwaka 1740 na ambayo umri wake bado unabishaniwa, inasema kitabu chake kisomwe tu, lakini si hadharani kanisani pamoja na manabii na mitume, kwa sababu kimeandikwa juzi juzi. Kosa lake ni kuzaliwa akiwa amechelewa.

Kwa kipimo hicho, sisi wa kusini tumechelewa kupita kiasi. Padri Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, aliyepewa upadri Zanzibar mwaka 1890 na kuhudumu Chitangali upande wa Newala, aliandika barua. Kolumba Msigala, padri wa Masasi, aliandika kumbukumbu zake katika miaka ya 1950. Wanahistoria wanazitafuta kwa hamu. Hakuna aliyewahi kuzisoma baina ya Zaburi na Injili, na sidhani kama wenyewe wangeruhusu. Na hawa walikuwa na ya kusimulia. Wewe una taarifa ya harambee ya bati.

Kama bado una nia, utahitaji adui. Mnamo mwaka 144 Marcion alifarakana na kanisa la Roma akatoka na orodha yake mwenyewe: injili moja, ya Luka, iliyopunguzwa, na barua kumi za Paulo, Agano la Kale nje. Ghafla waliokuwa wakisoma chochote kilichozoeleka wakalazimika kuulizana, hivi sisi vyetu ni vipi? Kufikia mwaka 180 Ireneo wa Lyon anashikilia kwamba injili ni nne, haziwezi kuzidi wala kupungua. Serapioni wa Antiokia, karibu na mwaka 200, aliwakuta waumini wa Rhossus wanataka kusoma Injili ya Petro. Akasema someni, bila kuifungua. Baadaye akaifungua, akaandika barua ya kuikataza. Kiongozi kuidhinisha hati ambayo hajaisoma ni jambo ambalo, kama tunavyojua wote, halijarudiwa tena katika kanisa wala katika ushirika wa korosho.

Kisha subiri. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye simu kila Pasaka, kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa kwa kura Nikea mwaka 325 na mfalme Konstantino akivisimamia. Mtaguso ule ulitoa kanuni 20, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu vya Agano Jipya 27 kamili, hivi hivi tulivyo navyo, ni ya Atanasi wa Aleksandria, mwaka 367. Na unajua aliiweka wapi? Katika barua yake ya kila mwaka ya kutangaza tarehe ya Pasaka. Ndiyo, katika matangazo. Baadaye mitaguso ya Afrika Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, ikatoa orodha zenye vitabu hivyo hivyo 27. Barua ya kwanza kwa Wathesalonike ilikuwa imeshasubiri miaka zaidi ya mia tatu ili karatasi nyingine iseme wazi kwamba nayo imo kati ya hivyo 27.

Usidhani hata hapo mambo yalikwisha. Yuda, katika barua yake fupi, anamnukuu Henoko kama nabii; kitabu cha Henoko kimo katika Biblia ya Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao huhesabu vitabu 81, na hakimo katika Biblia yako. Wala huna haja ya kwenda Ethiopia. Nenda kwenye msiba wowote wa ukoo mchanganyiko, na barabara hii ya Ndanda na Masasi, kama kilomita 40, imechanganya koo nyingi: huku Wabenediktini waliojenga mwaka 1906 baada ya misheni ya Lukuledi kuchomwa katika Maji Maji, kule Waanglikana wa Steere. Somo la kwanza linatangazwa: kitabu cha Hekima, sura ya tatu, roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Mjomba Mwanglikana, mzee wa kanisa, ameketi kwenye mkeka na Union Version yake ya mwaka 1952, jalada limebandikwa gundi. Analowanisha kidole. Anafika Wimbo Ulio Bora, anafunua, ni Isaya. Anarudi. Anafunua tena, taratibu, akidhani kurasa zimegandana. Ni Isaya. Mpwa wake Mkatoliki anamwonea huruma, anamsogezea yake yenye vitabu 73. Mzee anaitazama, anatikisa kichwa kwa heshima, anafunga miwani. Anajua fika kwamba ibara ya sita kati ya zile 39 za Kianglikana inaruhusu vitabu hivyo visomwe kwa mfano wa maisha mema, ila visithibitishe fundisho. Alichokuwa anakitafuta ni ukurasa tu.

Sasa fikiria barua yako wewe, katikati ya watu wazima ambao hawajakubaliana kuhusu Hekima.

Jambo la mwisho ni la kiufundi: toa kopi. Toa nyingi, sambaza vigango vyote, na ukiweza mpe mtu anayekwenda Tunduru. Paulo aliwaagiza Wakolosai wabadilishane barua na Walaodikia. Ya Wakolosai tunayo. Ile ya Laodikia haijulikani ilikokwenda. Vile vile kuna barua aliyowaandikia Wakorintho kabla ya ile tunayoiita ya kwanza, anaitaja mwenyewe, nayo imepotea. Barua za mtume yule yule, pengine na wino ule ule, lakini hazimo, kwa sababu tu kuna mtu hakunakili, au alinakili mvua ikanyesha. Ila hata hilo lisikukatishe tamaa. Karne chache baadaye palitokea mtu asiyejulikana akaokota maneno ya Paulo huku na kule, hasa kutoka Wafilipi, akashona barua fupi ya Kilatini, akaiita Kwa Walaodikia, na ikanakiliwa ndani ya Biblia nyingi za Ulaya kwa mamia ya miaka. Kwa hiyo yako ikipotea pale stendi, tulia. Atatokea mtu wa kukuandikia.